Mji endelevu na mji stahimilivu: jibu kwa diwani anayetaka kujenga stendi bondeni

Swali: Mimi ni diwani katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Halmashauri yetu inataka kujenga stendi mpya pamoja na soko kwenye eneo tambarare, karibu na mto unaoingia ziwani. Andiko la mshauri elekezi linasema mradi ni "endelevu na stahimilivu", na maneno hayo mawili yanafuatana karibu kila ukurasa. Nilipouliza tofauti yake kwenye kamati nikajibiwa kwamba ni kitu kimoja. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tofauti hiyo inabadilisha nini kwenye uamuzi wetu?

Jibu:

Mheshimiwa Diwani,

Aliyekujibu kwamba ni kitu kimoja amekosea, na kwa mradi wenu kosa hilo linaweza kuwagharimu stendi nzima.

Uendelevu unauliza hivi: mji huu ukiendelea kuchota maji, kukata miti, kuchoma mafuta na kutupa taka kwa kasi ya leo, utakuwa wapi baada ya miaka 30 au 50, na watakaokuwepo watakuta nini? Ustahimilivu una swali lake: siku pigo likitua, iwe mvua kubwa, ukame, waya kukatika au ugonjwa, ni nini kitaendelea kufanya kazi, ni nini kitalala, na nani atainuka kwanza? La kwanza linahusu mwendo wa kila siku. La pili linahusu siku moja mbaya na wiki zinazoifuata. Mradi unaweza kufaulu swali moja ukaanguka lingine, na miji yetu imejaa miradi ya namna hiyo.

Tuanze na Jangwani, kwa sababu inafanana mno na mpango wenu. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Kwa kipimo cha uendelevu ni mradi wa kujivunia: basi moja refu linabeba abiria ambao wangejaza daladala kadhaa, lina njia yake peke yake, na moshi kwa kila abiria unapungua. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na kwa maoni yangu lilistahili. Lakini karakana ya mabasi hayo ilikuwa imejengwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi. Mvuto wa eneo lile unaeleweka. Ni kubwa, liko wazi, limepakana na Barabara ya Morogoro, na katikati ya mji ni pale pale. Ilitakiwa mtu asimame aulize kwa nini katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5, kuna ardhi tupu kiasi hicho jirani na Kariakoo. Wenyeji walikuwa na jibu: mto huja kuidai. (Hata wapenzi wa soka wanalijua. Yanga, ambao klabu yao iko hapo hapo, hutaniwa kwa jina la vyura, na halikutoka hewani.)

Msimbazi unateremka kutoka upande wa Pugu na Kisarawe ukiwa na mchanga na udongo wa vilima vilivyofyekwa. Ukifika Jangwani, ambako ardhi ni bapa, unapunguza mwendo na kuutua mzigo huo, hivyo kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Mvua kubwa ikinyesha maji hayana pa kwenda ila kutanda. Barabara inafungwa, karakana inazama, mabasi yanaharibika, huduma inasitishwa. Imetokea zaidi ya mara moja. Na siku hizo anayetafuta njia ya kuzunguka ni dereva wa daladala na kijana wa bodaboda, wale wale ambao mpango ulitaka kuwaondoa kwenye barabara kuu, kwa sababu hawakufungwa kwenye njia moja.

Gharama ya kurekebisha inalipwa sasa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi. Ndani yake kuna daraja jipya lililoinuliwa hapo Jangwani, kuhamisha karakana, kuchimba na kupanua mto, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ambayo inaruhusiwa kufurika. Mpango huo wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza. Ila fikiria ingegharimu kiasi gani kuuliza swali la mafuriko kwenye meza ya michoro.

Kisa kingine kiko Unguja. Kwa miaka mingi kisiwa kilipata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari, uliowekwa mwaka 1980. Katika hali ya kawaida huo ni mpango usio na ubaya: umeme wa mabwawa na gesi kutoka gridi ya taifa, bila kisiwa kuhitaji mtambo wake wa kuchoma mafuta. Mei 2008 mfumo ule ulikatika na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii umeme ulirudi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama kwa sababu nazo zilitegemea waya huo huo, wanawake wakarudi kwenye ndoo na foleni za visimani, na kila mwenye uwezo akanunua jenereta. Kwa miezi ile mitatu, mfumo uliokuwa safi uligeuka kuwa maelfu ya injini ndogo zikinguruma vibarazani. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013.

Visa hivi viwili vinaonyesha mahali ambapo malengo haya mawili yanagombana, jambo ambalo mshauri wenu hakuligusa. Uendelevu hauupendi ukubwa usiotumika. Mhasibu wa uendelevu akiona waya wa pili unaolala bila kazi, barabara ya pili ya kuingilia stendi, tangi la maji lisilotumika miezi kumi, ataandika "upotevu". Ustahimilivu unaishi kwa vitu hivyo hivyo. Ukibana kila kitu kilingane sawasawa na mahitaji ya leo, umepata mfumo unaotumia kidogo na unaoanguka kwa dharuba ya kwanza.

Jambo hili wanaikolojia, yaani wanaochunguza viumbe na mazingira yao, walilitambua kabla ya wapanga miji. Wazo la uendelevu lenyewe ni kongwe. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, alikuwa akihangaika na kuisha kwa miti iliyolisha tanuru za kuyeyushia madini, akasisitiza kwamba msitu uvunwe kwa kiasi kinachoota tena. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ililipeleka wazo hilo duniani kote kwa ripoti yake ya 1987. Katikati ya hapo, mwaka 1973, mwanaikolojia Mkanada C. S. Holling alichapisha makala iliyotikisa wataalamu wa misitu na uvuvi. Alionyesha kwamba kusimamia mfumo ili utoe mavuno yale yale kila mwaka, bila kupanda wala kushuka, kunaweza kuupunguzia uwezo wa kubeba mtikisiko. Unaonekana umetulia, kumbe umebaki na nafasi ndogo ya kukosea. Kwa wanaopanga miji, hoja hiyo haijazeeka.

Cape Town iliipata kwa njia ngumu. Mwaka 2015 jiji hilo lilituzwa na mtandao wa miji wa C40 kwa mpango wake wa kubana matumizi ya maji: kuziba mivujo, kubadilisha mabomba, kupandisha bei kwa wanaotumia sana. Kazi ilikuwa ya kweli na namba zilikuwa za kweli. Lakini karibu maji yote ya jiji yalitoka kwenye mabwawa makubwa sita, na yote sita yanategemea mvua za majira yale yale katika milima ile ile. Ukaja ukame wa miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017. Mapema 2018 wakazi waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na wakuu wa jiji wakatangaza tarehe ya kufunga mabomba ambayo baadaye ilisogezwa mbele mara kadhaa, hadi mvua ziliporudi. Jiji halikukauka, na sababu mojawapo ni nidhamu ya wakazi wake. Hata hivyo, mji ambao tayari umeshaziba mivujo hauna mafuta ya kukata siku ya njaa, na chanzo kikiwa cha aina moja kukibana hakukigeuzi kuwa viwili.

Usije ukadhani, Mheshimiwa, kwamba nakushauri uuache uendelevu ushike ustahimilivu. Nina mfano wa kukutoa huko haraka: mkaa. Sijui mfumo wa nishati ulio stahimilivu kuliko mkaa katika miji yetu. Umeme ukikatika, mkaa upo. Gesi ya mitungi huja kwa meli, na meli ikichelewa, mkaa upo. Barabara moja ikifungwa, pikipiki zinapita nyingine. Unauzwa kwa gunia na kwa kopo, kila kona, na mamia ya wafanyabiashara wasiojuana. Huwezi kuuangusha kwa pigo moja. Na ndio huo huo unaoila misitu ya mikoa ya jirani, kisha vilima vilivyobaki uchi vinashusha udongo kwenye mito kama Msimbazi. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Binafsi nadhani mkakati huo utafika pale tu mitungi na umeme vitakapokaribia kuwa na sifa moja ya mkaa, ile ya kupatikana siku zote. Mama lishe hachagui mkaa kwa kuchukia miti.

Visima ni hadithi ya aina hiyo hiyo. Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka na mgao wa maji kutangazwa Dar es Salaam, kaya zenye kisima uani hazikutetereka sana. Ila pwani, kila anayechimba na kuvuta maji bila kipimo anayaalika maji ya bahari yaingie chini ya ardhi, na chumvi ikishaingia haitoki kwa miaka mingi. Ustahimilivu wa nyumba moja moja ukijumlishwa unaweza kuula uendelevu wa mji mzima. Ndiyo maana anayekuja kwenye kikao na neno "stahimilivu" lazima aulizwe: stahimilivu dhidi ya nini, na kwa ajili ya nani?

Hilo la "nani" nataka nilikazie, maana wanasiasa hulipenda neno hili kwa sababu isiyo nzuri. Mtu anayeishi bondeni akizamishwa na maji mara tatu na mara zote tatu akarudi kuezeka upya, utasikia akisifiwa kwa ustahimilivu wake. Kwa kweli hana pa kwenda. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mafuriko yaliyoua watu takriban 40, na serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Kiwanja kilikuwa kikavu, na kwa ramani ya mafuriko uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Kariakoo kubeba mizigo au kuuza maji alijikuta na nauli ya kwenda na kurudi inayomaliza faida. Wapo waliorudi bondeni. Nyumba zao zikaja kupigwa alama za X nyekundu na kubomolewa mwishoni mwa 2015, na bado watu walirudi. Huo ulikuwa mpango wa kuyakwepa maji ambao haukuwa na mpango wa riziki.

Sasa tuje kwenye stendi yenu.

Faida yake ya uendelevu siipingi. Stendi na soko vikiwa katikati, watu wanatembea, mzigo unashushwa mara moja, na mji hautawanyiki mashambani. Mkiipeleka kilomita kadhaa nje kwa kuogopa maji, kila abiria atapanda bodaboda kwenda na kurudi kila siku kwa miaka 40, na hiyo nayo ni hasara ya kudumu. Kwa hiyo "hamisheni mbali" si jibu langu la kwanza. Lakini tambarare kando ya mto unaoingia ziwani hupata maji kutoka pande mbili, na andiko, kwa jinsi ulivyolieleza, linazungumzia taa za sola na miti ya vivuli.

Upande wa ziwa, mnao ushahidi wenu wenyewe. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, Ziwa Viktoria lilipanda hadi katikati ya 2020 likapita rekodi yake ya 1964. Mialo, hoteli na mashamba ya ufukweni yaliingia majini Tanzania, Kenya na Uganda. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe wa ziwa, na wahandisi wengi hupima mita hizo kwa futi kamba wakaridhika. Kwenye mteremko mkali mita 60 zinatosha na kubaki. Kwenye ardhi inayoinuka mita 1 kwa kila mita 200, ziwa likipanda mita 1 tu maji yanasogea mita 200. Pimeni kimo kwanza, ndipo mpime umbali. Tafuteni alama ya maji ya 2020, ambayo wavuvi na wazee wa mtaa watawaonyesha ukutani hata kama hakuna aliyeiandika.

Upande wa mto, muulizeni mshauri mtaro na kalavati vimesanifiwa kwa mvua ya miaka mingapi. Akisema "miaka 25", msifikiri mmepewa miaka 25 ya amani. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi ya asilimia 4 ya mvua inayozidi uwezo wa mtaro. Kwa stendi itakayotumika miaka 25, nafasi ya kuzidiwa angalau mara moja inakaribia asilimia 64. Mkipanda hadi mvua ya miaka 100 inashuka hadi asilimia 22 hivi. Na hesabu zote hizo zinachukulia kwamba mvua za kesho zitafanana na zilizopimwa zamani, na kwamba mtaro hautajaa mchanga na chupa za plastiki. Mimi dhana hiyo ya pili inanitia hofu zaidi.

Mtaambiwa suluhisho ni kifusi: inueni kiwanja mita mbili, stendi itakaa juu. Kuweni waangalifu hapo. Bonde ni chombo cha maji. Ukijaza kifusi sehemu yake, maji uliyoyafukuza yanakwenda kwa jirani, na kwa kawaida jirani huyo ni mtaa wa wapangaji usio na diwani mkali kama wewe. Stendi itakuwa stahimilivu, mtaa utazama, na hati ya mradi haitaonyesha chochote.

Ningekuwa mezani kwenu ningependekeza mgawanyo. Vitu ambavyo hamwezi kumudu kuvipoteza, yaani mitambo ya umeme, karakana, kituo cha mafuta, vyumba baridi vya samaki, ofisi na kumbukumbu za ushuru, viende sehemu ya juu hata kama ni nyembamba na ghali. Chini kabisa, karibu na mto, kubaki kinachoweza kulowana na kukauka: uwanja wa mpira, mnada wa wiki, maegesho yenye sakafu ya mawe, vibanda vinavyohamishika. Rotterdam, Uholanzi, walifanya hivyo kwa uwanja wa Benthemplein uliofunguliwa 2013, ambao siku za kawaida ni wa vijana kucheza na siku ya mvua kubwa ni bwawa la muda. Kwenu uwanja wa vumbi wenye ukingo wa mawe ungefanya kazi hiyo hiyo bila msanifu wa Ulaya. Halafu stendi iwe na njia mbili za kutoka, moja isiyovuka mto. Mshauri atasema njia ya pili inaongeza gharama. Ni kweli inaongeza, na mkumbusheni waya wa Unguja.

Kuhusu miti, sehemu kubwa ya fedha za miti ya vivuli ipelekeni juu mtoni, kwenye vilima vinavyoshusha udongo. Ni mojawapo ya mambo machache katika mradi huu yanayotumikia malengo yote mawili kwa shilingi moja: udongo unabaki shambani, mto unabaki na kina, na mtaro wenu unachukua muda mrefu zaidi kujaa.

Kwenye kikao kijacho, Mheshimiwa, msikubali jedwali lenye safu moja iliyoandikwa "endelevu na stahimilivu" na alama ya tiki. Ombeni kurasa mbili tofauti. Ya kwanza ionyeshe mradi utatumia na kutupa nini kwa mwaka, na gharama za uendeshaji zitatoka wapi msaada ukiisha. Ya pili itaje mapigo kwa majina, mafuriko ya mto, ziwa kupanda, umeme kukatika wiki nzima, kipindupindu, na kwa kila moja iseme huduma ipi itasimama, kwa siku ngapi, na nani atabeba hasara: halmashauri, wenye mabasi au mama wa nyanya. Penye mgongano kati ya kurasa hizo mbili, yaani penye akiba inayoonekana kuwa upotevu, ndipo madiwani wanapopaswa kupiga kura, maana huo ni uamuzi wenu na mshauri hana haki ya kuufanya kimya kimya ndani ya michoro. Na fungu la kuzibua mtaro liingie kwenye bajeti tangu mwaka wa kwanza stendi inapokusanya ushuru, kutoka mapato ya ndani, kwa jina lake lenyewe na si ndani ya "matumizi mengineyo".